Kobe Mzee, Mtoto wa Kiboko na Bibi Yetu

Jioni moja tumerudi kutoka zamu, miguu imevimba, hata viatu hatujavua, binti yetu wa kidato cha pili akatuletea simu ya baba yake. "Mama, hebu tazama huyu mnyama." Tukatazama. Alikuwa mnyama mnene wa rangi ya kahawia, uso mrefu umetulia kama wa mzee wa baraza aliyekwisha kusikia kesi zote, ameketi majini na ndege mgongoni. Ubavuni mwake walielea bata. "Anaitwa kapibara," akasema. "Anapatana na kila mnyama, hata na watu."

Baba watoto akavaa miwani yake, akaitazama ile picha kwa muda, akasema: "Huyu ni ndezi." Watoto wakacheka hadi machozi. Lakini hakukosea sana. Kapibara ni mgugunaji, mkubwa kuliko wagugunaji wote duniani, na kwa ukoo hayuko mbali na ndezi wetu wa mashambani, ila yeye hufikia kilo 50 na zaidi. Kwao ni Amerika ya Kusini, kando ya mito na mabwawa. Hukaa kwa makundi ya kumi au ishirini, na majike huweza kunyonyesha hata watoto ambao si wao. Huko Japani iko bustani ya wanyama ambayo tangu mwaka 1982 huwaogesha kapibara wake kwa maji ya moto wakati wa baridi, na watu hulipa kiingilio kwenda kuwatazama wakiwa wamefumba macho. Wapenzi wasomaji, ni nani kati yetu anayeoga kwa utulivu namna hiyo bila mtoto kugonga mlango?

Tulipozidi kuitazama picha tuliona jambo dogo. Yule kapibara hakuwa anafanya lolote. Hakumkumbatia ndege wala hakumlisha. Ndege anatafuta kupe na wadudu wake, naye kapibara hamfukuzi, basi. Ni kama yangeyange na ng'ombe wa wafugaji wanaopita Ubena na Mdaula, ambao tumewaona tangu utotoni tusiulize wanapendana au vipi.

"Na kwetu yupo mnyama kama huyu?" akauliza mdogo wao. Mama mkwe, ambaye watoto wote humwita Bibi, alikuwa kwenye mkeka anasuka ukili. Akajibu bila kuinua kichwa: "Kwetu kuna kiboko."

Anayeujua mto Wami ataelewa kwa nini tulicheka. Kiboko ndiye anayemaliza mpunga wa watu usiku mmoja. Ndiye anayepindua mtumbwi. Sisi wauguzi hatuna haja ya kusimuliwa kazi ya meno yake. Hata hivyo kicheko kilipoisha tulikumbuka kisa cha kweli cha kiboko, tukakieleza pale pale, na tangu siku ile hakijatutoka moyoni. Sababu ya kutotutoka tutaieleza mbele.

Mwishoni mwa mwaka 2004 lilikuwapo kundi la viboko pwani ya Kenya, upande wa Malindi, pale mto Sabaki unapoingia baharini. Tarehe 26 Desemba yakaja mawimbi makubwa ya tsunami. Kesho yake alionekana kiboko mmoja tu, mtoto wa mwaka mmoja hivi, amekwama kwenye mwamba wa matumbawe ndani ya maji ya chumvi. Mama yake hayupo, wala wenzake. Watu walijaa ufukweni. Wavuvi wakahangaika na nyavu zao kwa saa nyingi, kwa maana mtoto huyo alikaribia kilo 300 na alikuwa na hofu na hasira. Mwishowe mtu mmoja aitwaye Owen Sauboin alimrukia akamshika mpaka akafungwa. Ndiyo sababu kiboko akapewa jina la Owen.

Kumrudisha mwituni haikufaa. Viboko wengine wangemwona mvamizi, naye hakuwa amejifunza kujilinda. Akapelekwa Haller Park, Bamburi, nje kidogo ya mji wa Mombasa. Mahali hapo zamani palikuwa machimbo ya kiwanda cha saruji, jangwa la mawe matupu, hadi René Haller alipoanza kupanda mivinje katika miaka ya 1970 na miti ikarudisha ndege na wanyama.

Katika zizi alimopelekwa Owen walikuwamo kobe wakubwa wa Aldabra, wa jamii ile ile ya kobe waliofikishwa kisiwa cha Changuu, Unguja, kutoka Shelisheli mwaka 1919. Mmoja wao aliitwa Mzee. Umri wake ulikadiriwa miaka 130, na tabia yake ilikuwa ya kupenda kuachwa peke yake. Owen alipofunguliwa kamba alikimbia moja kwa moja hadi kwa Mzee, akajibanza nyuma yake kama mtoto wa kiboko ajibanzavyo nyuma ya mama. Labda ule mgongo wa mviringo na rangi yake ya kijivu vilimkumbusha kitu.

Je, Mzee alimpokea? La hasha! Alifoka kwa sauti ya kobe, akaondoka zake. Lakini kobe ataondoka kwa kasi gani? Owen akamfuata. Mzee akaondoka tena, Owen akamfuata tena. Asubuhi watunzaji walipokuja waliwakuta wawili hao wamelala wamegusana.

Siku za kwanza Owen alikataa chakula. Kisha akaanza kula majani pale pale Mzee anapokula, na kwa namna ile ile. Wakawa wanalala pamoja na kuingia bwawani pamoja. Daktari Paula Kahumbu, aliyekuwa msimamizi wa Haller Park, aliandika habari zao pamoja na wenzake katika kitabu cha watoto kilichotoka mwaka 2006, na Stephen Tuei, mkuu wa watunzaji, alikuwa nao kila siku. Walisimulia kuwa Owen alikuwa akimsukuma Mzee miguu ili ageuke upande anaotaka yeye, naye Mzee akitaka Owen aende alimwuma mkia kidogo. Wataalamu hawakuweza kueleza kwa uhakika kilichokuwa moyoni mwa kobe.

Tulipofika hapo tulinyamaza, kwa sababu Bibi alikuwa ameacha kusuka. Na nyuma ya mgongo wake, mahali pake pa siku zote, alikuwa ameketi yule mtoto.

Miaka mitatu iliyopita wifi yetu, mtoto wa mwisho wa Bibi, alifariki kwa ugonjwa wa moyo. Aliacha mvulana wa miaka sita. Baba yake alikuwa dereva wa malori ya kwenda Zambia, leo yuko Tunduma na kesho yuko bandarini, basi akatuomba tukae na mtoto. Baba watoto ndiye mjomba, na kwa Wakwere mjomba hawezi kukataa. Kwa hiyo mtoto akashushwa hapa Chalinze na mfuko mmoja wa nguo.

Hakusema neno kwa wiki nzima. Chakula alikigusa tu. Sisi, kwa kuwa tuna cheti cha uuguzi na miaka ishirini ya wodi, tuliona hii ni kazi yetu. Tulimpima homa, tulimpa dawa ya minyoo, tulimpikia uji wa karanga. Tulimpakata asipotaka kupakatwa. Kila jioni tulimwuliza: "Mwanangu, unajisikiaje? Sema na mama." Akina mama wa kanisani wakaja siku tatu mfululizo, wakaimba na kuomba, na kila mmoja akamshika kichwa. Mtoto akazidi kunywea.

Kumbe alikuwa amekwisha kuchagua mtu wake. Alimchagua Bibi, ambaye hakumtaka.

Tusifiche jambo hili. Bibi alimfukuza. "Nenda ukacheze huko, mimi sina nguvu za kulea tena," alisema mbele yetu sote. Mtoto akasogea hatua mbili, akaketi. Bibi akahamisha mkeka upande wa mwembe. Mtoto akangoja kidogo, akafuata. Tulimkasirikia Bibi, tukamlalamikia baba watoto usiku kwamba mama yake ana moyo wa jiwe. Ilituchukua miezi kuelewa kwamba mtoto alikuwa na macho ya marehemu mama yake, na kila alipomtazama Bibi alimwona binti yake aliyemzika.

Halafu siku moja, bila kusema kitu, Bibi akampitishia nyuma ya mgongo jani la ukindu. Mtoto akalishika. Siku ya pili likawa majani mawili. Siku nyingine tukasikia sauti tusiyoijua ikiuliza: "Bibi, hili linapita juu au chini?" Tulikuwa jikoni tunachambua mchicha. Tukakaa chini pale pale kwenye sakafu.

Je, tulifurahi? Tulifurahi, ndiyo. Lakini wenzangu akina mama, tuseme kweli, tuliona wivu pia. Uji tulipika sisi, usiku tulikesha sisi, na mtoto akamfungulia mdomo mtu aliyempa jani la ukindu.

Yupo mnyama mwingine aliyetuumbua katika jambo hili. Huko Samburu, kaskazini mwa Kenya, alikuwapo simba jike aliyeitwa Kamunyak, jina lenye maana ya aliyebarikiwa kwa lugha ya wenyeji. Mwishoni mwa mwaka 2001 alichukua ndama wa choroa akamlea badala ya kumla. Alimlinda, akatembea naye, akalala naye ubavuni. Watu walitoka mbali kuja kuona. Lakini ndama anataka maziwa, na simba hakuwa nayo. Ndama akadhoofika, simba naye akadhoofika, maana hakuthubutu kumwacha akawinde. Baada ya wiki mbili hivi, mwezi Januari 2002, simba dume alimnyakua ndama akamwua. Kamunyak akatafuta ndama mwingine, kisha mwingine, na kwa jumla hawakupungua sita. Wengi husimulia kisa hiki kama ajabu tamu. Sisi kila tukikisoma tunamwona yule ndama mwembamba katikati ya mapenzi yote yale, tunakumbuka maswali yetu ya kila jioni.

Tuliacha kuuliza. Tukamwacha akae nyuma ya Bibi. Na jambo ambalo hatukulitazamia ni kwamba sisi nasi tukaanza kusogea. Zamani tulimpa Bibi chakula chake, tukamwamkia "Shikamoo mama", tukapita. Sasa tukirudi zamu tunaketi kwenye ule mkeka. Hatusemi mengi. Yeye anasuka, mtoto anasuka, sisi tunanyoosha miguu. Miaka kumi na minane ya kuwa mkwe hatukuwahi kukaa hivyo.

Binti yetu ndiye aliyeuliza mwisho wa kisa cha Owen. Tungependa asingeuliza. Owen alikua, na kiboko akikua uzito wake si wa mchezo. Watunzaji waliogopa kwamba kwa kucheza tu angeweza kumwumiza Mzee. Mwaka 2007 wakawatenganisha, Owen akawekwa na kiboko jike aitwaye Cleo, naye Mzee akarudi kwa kobe wenzake. Mtoto alisikiliza bila kusema kitu. Bibi akasema: "Walifanya vizuri," akaendelea kusuka. Ukili ulimponyoka mara mbili.

Alijua, nasi tulijua, kwamba barua ilikuwa imekwisha kufika. Baba yake mtoto ameacha malori. Ameoa, amepata kazi Tanga mjini, na anamtaka mwanawe shule zikifungwa Desemba. Kwa watu wa huku ukoo hufuata upande wa mama, kwa hiyo baba watoto alitaka kukataa, na ukoo ungekuwa pamoja naye. Kwao si hivyo, mtoto ni wa baba. Tulizungumza usiku mwingi. Sisi wenyewe tulitaka akatae. Tulimfikiria yule mama mpya ambaye hatumjui, tukamfikiria akipika uji wa karanga na kuuliza maswali kila jioni. Tukamwonea huruma kidogo, kisha tukamchukia tena.

Bibi ndiye aliyekata shauri. Alimwita baba watoto, akamwambia baba wa mtoto yu hai na hakumtupa mwanawe. Baba watoto akainamisha kichwa. Mtoto alikuwa nyuma yake wakati huo huo, na hakuhamishwa.

Tangu hapo wamo katika kazi ya mkeka mmoja mkubwa, wa kwenda nao Tanga. Mtoto anasuka upande wake, na upande wake umepinda. Bibi haunyooshi. Juzi tulimsikia akimweleza habari za safari, kwamba siku hizi mabasi mengine ya Tanga hupitia Bagamoyo na kutokea Msata, hayafiki kabisa hapa njia panda. "Likizo ukija, mwambie baba yako usipande hayo," alisema. "Panda linalopita Chalinze. Mimi nitakuwa pale kwa wauza mananasi."