Si Neno

Mwezi huu naomba nafasi katika jarida letu niungame kosa langu.

Mama yetu alihamia kwetu hapa Uingereza kutoka Unguja baada ya marehemu baba kututangulia. Kwa muda wa miaka miwili nilimdhania ameingiwa na usahaulifu. Nikimwambia tutatoka saa sita, yeye hujitayarisha kwa saa tisa. Kila alipouliza, "Umesemaje, mwanangu?" nilimjibu, "Basi Mama, si neno."

Hospitali ndiko nilikofumbuliwa macho. Ndani kabisa ya sikio mna vinyweleo vidogo mno vinavyopokea sauti. Umri huviharibu, wala haviota tena. Sauti nyembamba ndizo hupotea kwanza. Irabu zina nguvu, husikika. Bali herufi kama s, t na f hufifia. Katika "sita" na "tisa", basi, alichokuwa akisikia Mama ni i na a tu! Akili yake ilikuwa timamu kuliko yangu.

Alipewa vifaa viwili vya kusikilizia, vya kuvaa nyuma ya masikio. Siku ya kwanza mfereji, sahani na mabasi vilimpigia kelele hata akavivua. Nami nikasema, "Umeona? Hata mashine haifai." Vikakaa kabatini miezi mitatu, na Mama akaacha kwenda kwenye maulidi ya kina mama.

Laiti ningeuliza mapema. Kifaa hiki si kama miwani. Ubongo uliozoea ukimya hauna budi kujifunza upya, nao huanzwa kwa saa chache kila siku, nyumbani, penye utulivu. Tulianza hivyo, na baada ya wiki kadhaa mfereji ukarudi kuwa mfereji.

Matunzo ameyachukua binti yangu wa miaka tisa. Kabla ya kutawadha Bibi huvivua; akimaliza hukausha masikio vizuri, hata nyuma yake, ndipo avirudishe. Usiku hufutwa kwa kitambaa kikavu na mlango wa betri huachwa wazi. Kile kipande kiingiacho sikioni hutenganishwa na mashine kwanza, kisha huoshwa kwa maji ya vuguvugu na sabuni. Mashine yenyewe haiguswi na maji asilani. Mrija ukibakia na tone la maji, sauti haipiti. Ukikakamaa, hubadilishwa. Usiku mmoja wa tarawehe kimoja kilipiga mluzi, Mama akaona haya mno. Kumbe hakikukaa sawasawa sikioni. Nta nayo huleta mluzi, lakini pamba za vijiti haziingizwi sikioni, kwani huisukuma ndani zaidi.

Betri mpya hubanduliwa karatasi yake, ikaachwa dakika moja ivute hewa. Hizo nazificha mwenyewe, maana mtoto akimeza betri ndogo yaweza kumuunguza koo kwa muda wa saa chache tu. Hapo ni kukimbilia hospitali, si kungoja.

Mama hakunilaumu ila mara moja. "Kila uliponiambia si neno," alisema, "nilijua neno lilikuwepo."

Juzi mezani aliniuliza tena nilichosema. Nilizima televisheni, nikamgeukia, nikakariri polepole. Ilikuwa ni bei ya samaki tu. Akacheka, akasema ni ghali.