Kutoka Kumkaba Mtu Hadi Kuziba Njia

Katika Kariakoo niliyokulia, mechi ya Simba na Yanga haikumalizwa na kipenga cha mwamuzi. Ndiyo kwanza ilihamia barazani, ambako watu wazima, kila mmoja na kikombe chake cha kahawa chungu na kipande cha kashata, waliijadili mpaka baada ya isha. Aghalabu mjadala uliishia kwenye suala lile lile: washambuliaji waliotushinda leo wangezuiwaje? Suala hilo ningali nalipenda kama nilivyolipenda utotoni, na kwa kuwa nimelisikiliza miaka mingi, nimeona jinsi majawabu yake yalivyogeuka, taratibu mno hata waliokuwa wakiyageuza hawakutambua.

Siku zile macho yetu yalikuwa redio. Mtangazaji wa Radio Tanzania Dar es Salaam alitutajia jina la mwenye mpira, kisha la aliyepokea, kisha zikaja kelele za Uwanja wa Taifa. Ama wachezaji waliobaki, waliokuwa wakikimbia bila ya mpira ili kumfungulia mwenzao njia, hao kwetu hawakuwapo kabisa. Mchezo tuliousikia ulikuwa majina yakifuatana, na tadbiri zetu za ulinzi hazikuweza kuwa ghairi ya jina kuwekwa dhidi ya jina. Tarehe 19 Julai 1977, Simba walipoifunga Yanga mabao 6 kwa 0 na Abdallah Kibadeni akatia matatu peke yake, barazani petu hapakuwa na hoja nyingine ila kutafutwa beki mmoja mwenye pumzi na moyo mgumu, akabidhiwe Kibadeni tangu mwanzo hadi mwisho, amfuate kila aendako.

"Na akimvuta beki huyo mpaka katikati ya uwanja, babu, nyuma atabaki nani?" aliuliza kijana mmoja.

"Mwanangu," akajibu mzee wa Yanga, fundi cherehani aliyeheshimiwa na pande zote mbili, "uwanja haufungi bao. Anayefunga ni mtu. Mshikeni mtu."

Wala hatuna haki ya kumdharau mzee yule, maana mabingwa wa dunia nao walikuwa na itikadi hiyo. Mwaka 1974, mjini Munich, Berti Vogts alikabidhiwa Johan Cruyff, na Ujerumani Magharibi ikatwaa Kombe la Dunia kwa mabao 2 kwa 1; mwaka 1982, huko Hispania, Claudio Gentile akamng'ang'ania Diego Maradona, Italia ikaishinda Argentina kwa idadi hiyo hiyo, kisha ikaenda kuchukua kombe. Habari hizo zilitufikia kwa magazeti na redio, zikawa hujja zisizopingika. Lakini miaka mingi baadaye, nilipojaaliwa kuiona filamu ya fainali ile ya Munich, nilistaajabu: Cruyff aliuchukua mpira nyuma, karibu na duara la katikati, akampita Vogts, akaingia eneo la hatari akaangushwa, na Johan Neeskens akafunga penalti kabla ya Mjerumani yeyote kuugusa mpira. Jibu la suala la kijana wetu lilikuwa limekwisha kutolewa Munich, miaka mitatu kabla hajaliuliza, nasi hatukuwa na macho ya kuliona.

Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni hadi mwaka 1994. Baada ya hapo yakaja madishi, yakaja na mabanda umiza, tukabanana kwenye mabenchi kutazama ligi za Ulaya, na hapo ndipo lugha ya barazani ilipoanza kuwataja wasio na mpira. Tarehe 2 Mei 2009 Barcelona ilipoifunga Real Madrid mabao 6 kwa 2 katika uwanja wa Bernabéu, tuliona kwa macho yetu Lionel Messi, aliyewekwa mbele katikati, akirudi nyuma mara kwa mara, na mabeki wa kati wakitaharuki: wakimfuata, mlango unabaki wazi, wakimwacha, anageuka na mpira akiwaelekea. Usiku ule hata wazee walikubali kwamba kumkaba mtu mmoja hakutoshi.

Mwaka uliofuata ndio uliotupa somo kamili. Inter ya José Mourinho ilikuwa imeishinda Barcelona hiyo hiyo 3 kwa 1 mjini Milan. Katika marudiano kule Barcelona, Thiago Motta akatolewa kwa kadi nyekundu kabla ya nusu saa kutimia, na watu kumi wakaulinda ushindi ule kwa zaidi ya saa nzima, wakafungwa bao moja tu. Samuel Eto'o, mfungaji ambaye Afrika nzima ilimjua, alicheza kama beki wa pembeni. Hakukimbizana na Messi. Yeye na wenzake walikaa karibu karibu, wakiziba njia za pasi. Mpaka leo naiheshimu kazi ile kuliko mabao mengi niliyoyaona.

Hapa nyumbani nako, tarehe 5 Novemba 2023, Yanga iliifunga Simba mabao 5 kwa 1. Timu zilikuwa sare, 1 kwa 1, wakati wa mapumziko. Wafungaji wa Yanga walikuwa wanne: Kennedy Musonda, Maxi Nzengeli aliyefunga mawili, Stephane Aziz Ki na Pacôme Zouzoua. Mzee fundi angemkabidhi beki wake nani kati ya hao? Barazani, binti mmoja wa Simba alisimamisha picha kwenye simu yake, akaniambia, "Mjomba, usimtazame mwenye mpira. Tazama nafasi iliyoachwa kati ya viungo wetu na mabeki." Nikatazama, nikaona alivyosema.

Juu ya maarifa yote hayo, wiki ile bado nilisikia beki mmoja akitukanwa kwa jina, kana kwamba mabao matano yalipita miguuni mwake peke yake. Nawasihi wapenzi wenzangu wa kandanda, wa Simba kule Msimbazi na wa Yanga kule Jangwani, tuiache desturi hiyo. Nafasi ile iliachwa na watu wengi.