Mara Tatu Kwenye Daftari

Jina langu limeandikwa mara tatu kwenye daftari la sinagogi ya kijijini kwetu. Mara ya kwanza aliniandika babu, mwaka 1955, siku ya nane tangu nizaliwe, siku niliyotahiriwa. Mara ya pili na ya tatu nimejiandika mwenyewe. Kabla ya hizo mbili, pembeni mwa lile jina la kwanza, kuna neno moja la Kiganda kwa mwandiko wa baba. Maana yake ni "ametoka". Baba alikuwa katibu wa kamati ya wazee, na yalikuwa mazoea yake kuandika lililotokea, limpendeze lisimpendeze.

Sisi ni Abayudaya, Wayahudi wa vilima vya kandokando ya Mbale, mashariki mwa Uganda. Hatukuja na meli, wala hatudai ukoo wa mbali. Mwaka 1919 Semei Kakungulu, Muganda aliyewatekia Waingereza nchi hii ya mashariki kwa bunduki kisha akaona wamemdhulumu malipo yake, alisoma Torati mwenyewe, akajitahiri, akatahiri na wanawe, akawaambia watu wake kuanzia leo sisi ni Wayahudi. Alifariki mwaka 1928. Waliobaki ni wakulima, babu yangu akiwemo, Mgisu asiyekuwa na cheo chochote.

Mgisu anayenisoma atakuwa ameshacheka. Kwao kijana hutahiriwa akiwa mtu mzima, amesimama mbele ya kijiji kizima bila kupepesa jicho, katika mwaka unaogawanyika kwa mbili. Sisi tulimaliza shughuli hiyo tukiwa bado tunanyonya. Nimetaniwa kwa hilo tangu shuleni hadi leo, na nimeshazoea.

Kamati ya wazee ilikuwa watu saba na daftari. Ndiyo iliyotusemea kwa chifu wa gombolola, ikaamua mipaka ya mashamba, ikaandika barua, ikagawa mahindi kwa wajane. Miaka ya sitini kulikuwa na ubalozi wa Israeli Kampala, na kila mwaka baba aliletewa kalenda ya Kiebrania ya kutundika ukutani. Aliikunjua kwenye meza kama mtu anayekunjua hati ya shamba. Bila kalenda ile huwezi kujua Pasaka ni lini. Miezi yetu hufuata mwandamo, na ili sikukuu zisihame majira yake, miaka 7 katika kila 19 huongezwa mwezi wa kumi na tatu.

Januari 1971 Amin akachukua nchi. Mwanzoni alikuwa rafiki wa Israeli, hata tukasema huyu atatufaa. Mwaka uliofuata aliwafukuza Waisraeli wote, na zamu yetu haikukawia: sala zikapigwa marufuku, milango ya sinagogi ikafungwa. Kalenda ya mwisho kutoka Kampala ilikwisha Septemba 1972. Jioni ile baba alichukua kipande cha mkaa jikoni, akaenda nyuma ya mlango wa ghala la mtama, akachora mstari mmoja.

Mlango huo ninao. Ni ubao wa mvule, unafika kifuani. Mistari imepangwa safu kwa safu, kila safu ina 29 au 30, na mwanzo wa kila safu kuna duara dogo la mwezi mwandamo. Kuna sehemu mkaa umepita juu ya mkaa, maana ubao ulipojaa baba aliufuta kwa majani ya mgomba na kuanza upya. Tatizo lilikuwa mawingu. Mlima Elgon ukijifunika, mwezi mchanga hauonekani, na mtu lazima akate shauri: mwezi umeishia jana, siku ya 29, au leo ni 30? Baba alikata shauri peke yake, usiku, bila wa kumuuliza.

Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi ya kamati kwa miaka ile. Hawakuweza kutusemea kwa yeyote, kwani kutusema tu kulikuwa ni kutushtaki. Walikutana wawiliwawili, mmoja akijifanya amekuja kuazima jembe, wakapeana tarehe. Na walifuga mbuzi. Habari ilikuwa imefika kwamba kijiji kingine mtu amekamatwa na askari kwa kosa la kujenga kibanda cha Sikukuu ya Vibanda, akaachiliwa kwa mbuzi watano. Tangu hapo kila nyumba yetu ilifuga mbuzi mmoja wa kamati. Hakuchinjwa kwa harusi wala kwa mgonjwa. Alikuwa ni dhamana anayekula majani.

Mimi sikuvumilia. Nilikuwa na miaka 18, nimemaliza shule, natafuta kazi ya ukarani mjini. Fomu ilikuwa na mstari wa dini. Nikaandika Mprotestanti, na wiki mbili baadaye nikaenda kubatizwa kweli ili wasije wakanishika kwa uongo. Nilimwambia baba jioni, amekaa kwenye kigoda anamenya mahindi. Hakuinua kichwa. Alimaliza gunzi lile, akaingia ndani, na nilisikia daftari likifunguliwa.

Kazi yenyewe sikuipata.

Wengi walitoka kama mimi, wengine kanisani, wengine msikitini, na siwezi kumtupia mtu jiwe. Inasemwa tulikuwa watu wapatao 3,000 kabla ya Amin, na alipoondoka walikuwa wamebaki kama 300. Waliosalia waliishi kwa kuvumiliwa na majirani waliowadhania Wasabato kwa sababu hawalimi Jumamosi. Mwaka 1977, mwaka ambao Askofu Mkuu Janani Luwum aliuawa, Amin alipiga marufuku madhehebu mengi ya Kikristo, Wasabato nao wakiwemo. Hata hapo pa kujifichia pakawa hapafichi.

Wakati huo mimi nilikuwa mlimani. Mwaka 1975 baridi kali ilikausha mibuni Brazili, bei ya kahawa ikapanda dunia nzima, na kahawa ya Bugisu, iliyokuwa ikinunuliwa na serikali kwa shilingi zisizonunua kitu, ikaanza kutembea usiku. Ng'ambo ya mpaka wa Kenya, upande wa Bungoma, kulikuwa na soko la Chepkube. Mahali palipokuwa pori palifurika malori, wanawake wa chapati, wahesabu fedha na wezi. Sisi tuliita magendo. Nilibeba gunia mgongoni kwa ukamba wa kipajini, kilo 40 kwa mara, tukipanda tangu magharibi na kushuka alfajiri. Baridi ya kule juu huingia kwenye meno. Ukisikia mbwa, unalala juu ya gunia lako usipumue, kwa kuwa askari wa Amin walikuwa na amri ya kupiga risasi.

Ijumaa ndiyo iliyokuwa siku nzuri ya safari, kwani Jumamosi soko lilichangamka. Kwa hiyo kila Ijumaa jua likizama, saa ambayo mama alikuwa akiwasha taa ya Sabato nyuma ya pazia la gunia, mimi nilikuwa najifunga mzigo. Nilijua. Sitasema sikujua. Kuna usiku mmoja kijana aliyekuwa mbele yangu alipigwa risasi, nami nikamruka, gunia mgongoni, nikaendelea. Kahawa ile niliiuza bei nzuri.

Soko la Chepkube lilipokufa nilivuta hadi Eldoret, nikapata kibarua cha kupasua mbao. Hapo ndipo nilipojifunza Kiswahili hiki ninachoandikia. Na hapo mzee mmoja aliyekuwa amesoma alinichekesha: kumbe uwanda ule wa Uasin Gishu nilikokuwa nalala njaa ndio Waingereza waliotaka kuwapa Wayahudi wa Ulaya mwaka 1903, wakauita mpango wa Uganda, na mkutano wa Wazayuni ukaukataa mwaka 1905. Alinisimulia kama kioja. Hakujua anamsimulia nani, na mimi sikumwambia.

Aprili 11, 1979, tulikuwa hotelini tunakunywa chai, redio ikasema Kampala imetekwa na Watanzania pamoja na wapiganaji wa Uganda. Watu wakapiga meza. Mimi nilitoka nje nikatazama juu, mwezi ulikuwa unakaribia kujaa. Nilikuwa nimesahau kila kitu ila hilo: mwezi ukijaa wakati mvua za masika zinaanza, ni Pasaka.

Nilirudi nyumbani Mbale ilipokwisha kuwa mikononi mwa Watanzania. Niwaeleze jambo ambalo msomaji wa Dodoma au Mombasa huenda halijui. Kwetu Uganda, Kiswahili kilikuwa lugha ya kizuizi cha barabarani. Baba alikijua kwa maneno manne: simama, kipande, lala chini, lete. Siku niliyofika, kabla sijapiga hodi, alikuwepo askari wa Kitanzania uani, kijana mdogo kuliko mimi, anaomba maji. Alimwona baba, akaweka bunduki begani, akainamisha kichwa: "Shikamoo, mzee."

Baba akarudi nyuma hatua moja. Akaniona mimi nyuma ya askari, mwanawe asiyeonekana kwa miaka sita, na neno lake la kwanza kwangu likawa, kwa Kigisu, "Anataka nini huyu?"

"Anakuamkia, baba. Sema marahaba."

Akasema marahaba. Akamletea maji mwenyewe, kwenye kikombe cha bati cha sikukuu.

Mama ndiye aliyenisimulia ile jioni ya redio. Majirani walikuja mbio: Amin ameanguka, na leo ndiyo mkesha wa Pasaka yenu! Kwenye vilima vingine watu wetu walishaanza kuimba. Baba akaenda nyuma ya mlango wa ghala, akahesabu kwa kidole, akarudi. "Bado," alisema. "Ni kesho." Akawakataza kula chakula cha Pasaka siku ile. Nchi nzima inashangilia, yeye amekaa na mistari yake.

Ndiyo maana kikao cha kwanza cha kamati baada ya Amin, chini ya mwembe kwa kuwa nyumba ya sala ilikuwa imebaki kuta mbili, kilianza kwa ugomvi wa tarehe. Wa kilima cha pili walisema sisi tumechelewa siku moja. Wazee wetu walisema wao wametangulia. Mtu angedhani kulikuwa na mambo makubwa zaidi: viwanja vilivyochukuliwa, vitabu vilivyochomwa, wajane. Saa mbili nzima walipigania siku moja. Wakati ule niliona ni upuuzi. Sasa naona walikuwa watu ambao kwa miaka saba hawakuwa na kingine cha kulinda.

Jambo la pili lilikuwa sisi tuliotoka. Tulikuwa tumesimama pembeni, kama ishirini hivi, wengine na misalaba bado shingoni. Mzee mmoja alitaka tukae mwaka mzima kwanza, tutazamwe. Bibi mmoja, ambaye hakuwa hata mjumbe, akamuuliza: hao watoto mlitaka wale nini? Pakawa kimya. Baba alikuwa na daftari magotini na hakusema neno, kwani katibu hana kura. Mwishowe mwenyekiti akasema anayetaka kurudi aandikwe.

Zamu yangu ilipofika, baba alinisukumia daftari na kalamu. "Andika mwenyewe," alisema. "Mimi mkono umechoka."

Miaka ya themanini ilikuwa na taabu zake: utawala wa pili wa Obote, panda gari, watu kukusanywa malorini bila kuulizwa jina. Baba alifariki mwaka 1985, na daftari likaja kwangu. Baada ya 1986, serikali ya Museveni iliposhika nchi, vijana walianza kuishi pamoja kilimani Nabugoye, wakatufundisha Kiebrania sisi wakubwa wao. Kamati ikawa na muhuri. Kazi yangu ikawa ya karatasi, nami niliipenda kuliko nilivyotegemea: barua za ardhi, barua za shule, orodha. Wageni walianza kuja miaka ya tisini, na mmoja aliacha kitabu chenye kalenda za miaka mia. Nilikifungua usiku, peke yangu, nikatafuta 1979. Mkesha wa Pasaka ulikuwa Aprili 11. Wa kilima cha pili walikuwa sahihi. Mahali fulani katika miaka saba, mlima ulijifunika, na baba akahesabu 30 badala ya 29.

Sikuliwasilisha hilo kwenye kikao.

Februari 2002 wakaja marabi watano, wanne wa Marekani na mmoja wa Israeli, kutupitisha katika uongofu rasmi ili Wayahudi wa nje watutambue. Watu kama 400 walizamishwa majini. Baadhi ya wazee waliona ni tusi: tuliokamatwa kwa kuwa Wayahudi tunaambiwa leo ndiyo tuwe Wayahudi? Walikataa, na sikuwalaumu. Kamati ilikesha siku nyingi juu ya hilo. Mimi nilikubali, kwa sababu yangu mwenyewe. Walipouliza swali lao, kwamba kwa nini unataka, niliwaeleza kuhusu Chepkube, Ijumaa zile, na yule kijana niliyemruka. Mkalimani alisita. Nikamwambia atafsiri yote.

Leo kahawa yangu naiuza mchana. Tuna ushirika wa Wayahudi, Waislamu na Wakristo, uitwao Mirembe Kawomera, ulioanzishwa mwaka 2004, na napima magunia kwenye mizani mbele ya watu, na risiti napewa.

Jioni ile ya 2002, nywele zangu zikiwa bado na maji, nilikwenda ofisini kufungua daftari. Mwenyekiti aliniuliza kama si wakati sasa wa kufuta lile neno la baba. Nikamwambia aniache kwanza nimalize kuandika tarehe. Nilikuwa nahesabu kwa kidole.