Jicho si tochi

Asikwambie mtu, ukitaka kuijua barabara ya Morogoro panda basi la asubuhi, ukae siti ya mbele, pembeni ya dereva. Juzi nilikuwa hapo. Kibaha tukaiacha, Mlandizi tukaiacha, Ruvu hiyo. Tulipokaribia Chalinze, penye nyumba nyumba, trafiki akaibuka kivulini, mkono juu.

"Dereva, hapa hamsini. Wewe ulikuwa sabini."

"Afande, tochi iko wapi?"

"Macho yangu yana miaka kumi na tano barabarani, kijana."

Abiria tukagawanyika. Vijana wakacheka. Mama mmoja wa nyuma akafoka: "Mwacheni afande! Hawa madereva watatumaliza." Afande akatuonya, akatuachia.

Basi nikamchokoza jirani yangu, tukisie na sisi. Nikashika saa, nikahesabu toka kibao kimoja cha kilomita hadi kingine. Ukienda 50, kilomita moja inakula sekunde 72. Ukienda 80, sekunde 45. Jamaa akasema tuko 90. Mimi nikasema 65. Saa ikaleta sekunde 48, yaani 75. Wote tulichemsha!

Na sisi tulikuwa ndani. Aliyesimama barabarani ana kazi zaidi. Gari linalomjia usoni halionekani likikimbia, linakua tu machoni. Halafu umbo nalo linadanganya: lori au basi kubwa huonekana kama linajikokota, kumbe linakuja mbio.

Wenzetu walishalumbana. Ohio, kule Marekani, mwaka 2010 mahakama ya juu kabisa ya jimbo ilikubali kuwa askari aliyefunzwa anaweza kumtia dereva hatiani kwa jicho tu. Watu wakaja juu, na mwaka 2011 sheria ikabadilishwa. Uingereza, sheria yao ya 1984 inasema maoni ya shahidi mmoja peke yake hayatoshi.

Mimi naona hivi, msomaji wangu. Yule mama hakukosea: mwendo unaua, na jicho zoefu linajua gari linalokimbia kupita kiasi. Afande amsimamishe dereva, amuonye, hata amgombeze. Ila kumwandikia mtu faini kwa namba ya kukisia, hapana. Namba iachiwe tochi.

Msamvu tukashuka salama. Dereva, nakiri, toka pale Chalinze aliendesha kama amebeba mayai. Kwa hilo, asante afande!