Mpisheni Mwenye Mzigo

Wahenga walituachia methali mbili ambazo ukizikutanisha hugombana. Moja yasema "Tembea uone". Ya pili yasema "Mtembezi hula miguu yake". Muhula wa pili tulizifanyia mjadala katika Chama chetu cha Kiswahili, na upande wa "Mtembezi hula miguu yake" ukashinda kwa kura nyingi. Mimi nilikuwa upande ulioshindwa. Mwalimu mlezi wa chama alicheka, akasema ubishi kama huo hauamuliwi darasani, huamuliwa na miguu yenyewe. Basi likizo ya Agosti 2025 tukachanga pesa, wazazi wakatia sahihi, nasi tukaenda kutembea katika Milima ya Taita, kijiji baada ya kijiji, mpaka sokoni Wundanyi. Mpenzi msomaji, haya ndiyo niliyorudi nayo.

Kwanza nikueleze kwa nini safari hii ilikuwa ngeni kwetu. Sisi tunaokaa huku Airport twawajua watalii. Ndege zapita juu ya mabati yetu mchana na usiku, na tangu tukiwa wadogo tumewaona wageni wakitoka Uwanja wa Ndege wa Moi, wakipakiwa kwenye magari, wakipelekwa Nyali au Diani. Sisi twapunga mikono kando ya barabara, wao wapunga kutoka dirishani, basi. Hakuna ajuaye jina la mwenziwe. Sikuwahi kufikiri kuwa siku moja nitakuwa mimi ndiye niliye ndani ya gari, na watoto wa watu ndio wanaopunga.

Mwalimu wetu wa Jiografia alitwambia kuwa matembezi ya namna hii yapo kwingi duniani. Huko Guatemala, Amerika ya Kati, wageni huongozwa kwa miguu milimani katika vijiji vya Wamaya, na soko la Chichicastenango, ambalo siku zake ni Alhamisi na Jumapili, hujaa watu kutoka kila upande. Karibu na sisi, kule Lushoto katika Milima ya Usambara, Tanzania, vijana huwatembeza wageni vivyo hivyo. Lakini kwa nini twende mbali? Milima ya Taita ni ndugu wa Usambara. Yote ni ya safu iitwayo Milima ya Tao la Mashariki, na Taita ndiyo sehemu ya safu hiyo iliyoko Kenya. Nyingine zote ziko Tanzania.

Mimi nilikuwa na jambo langu pia. Mama yangu auza mboga kwenye kibanda kule Magongo. Alfajiri huenda Kongowea kununua, na mchana kutwa huuza. Kila siku wateja humlaumu: "Mama, kabichi hii shilingi sabini? Wataka kututoa roho?" Naye jioni akihesabu pesa, faida yenyewe haijai kiganja. Usiku wa kuamkia safari aliniambia hivi: "Ukifika huko niulizie kabichi yauzwaje. Nataka kujua ni nani anayetula."

Tuliondoka saa tisa usiku kwa matatu ya kukodi. Tukapita Miritini, Mazeras, Mariakani, Samburu na Maungu, na kulipoanza kupambazuka tukawa Voi, kiasi cha kilomita 150 kutoka Mombasa. Hapo tukaiacha barabara ya Nairobi, tukashika ya Taveta mpaka Mwatate, kisha gari likaanza kupanda. Jamani, kupanda kwenyewe! Kona juu ya kona, na kila kona baridi yazidi. Watoto wa pwani, tuliozoea jasho, tulivaa sweta za shule mbilimbili na bado meno yakagongana. Ukungu ulikuwa umeshuka hata dereva akawasha taa asubuhi kweupe.

Kiongozi wetu wa njia alitungoja Werugha. Ni kijana wa huko huko, amevaa viatu vya mpira na koti zito, mkononi ana fimbo. Alitusalimu "Kwawuka mana", akatufundisha na sisi tuseme hivyo kwa kila mtu tutakayemkuta asubuhi hiyo. Kisha akatupa masharti matatu. La kwanza, tusisahau salamu. La pili, tusimpige mtu picha wala nyumba yake kabla ya kuomba. La tatu akalisema kwa sauti kubwa zaidi: "Mpisheni mwenye mzigo. Njia hii ni yake kabla haijawa yenu."

Tulianza na msitu wa Ngangao. Si mkubwa, ni kama hekta 120 hivi, lakini ukiingia ndani waona dunia nyingine. Miti mirefu imevaa kuvu na ukoka wa kijani hata kwenye matawi, na maji yadondoka ingawa mvua hainyeshi. Kiongozi alitueleza kuwa upepo utokao baharini, huu huu upepo wetu, hupita nyika kavu bila kutoa kitu. Ukifika hapa hugonga milima, hupanda, hupoa, na kugeuka ukungu na mvua. Msitu huukamata unyevu ule, na maji hushuka polepole kwenye vijito. Ndiyo maana chini kule Voi ni vumbi na huku juu ni shamba tupu.

Akatunyamazisha pia ili tumtafute ndege mmoja ambaye haonekani popote duniani isipokuwa katika misitu michache ya milima hii. Ana kichwa cheusi, mdomo wa rangi ya chungwa na ubavu wa hudhurungi, na chakula chake hukitafuta chini, kwenye majani yaliyoanguka. Tulisikia majani yakichakurwa, tukaona kitu kama kivuli kikiruka, kikatoweka. Kiongozi alisema zamani msitu ulifunika sehemu kubwa ya milima, lakini umekatwa kwa ajili ya mashamba na kuni mpaka vimebaki vipande vipande. Mwenzetu mmoja akauliza kwa nini watu wasihamishwe ili ndege apone. Kiongozi hakukasirika. Alijibu, "Na wewe ungehamishwa kwenu Airport ili ndege zitue vizuri, ungesemaje?" Sote tukanyamaza.

Kutoka msituni tukashuka kwa miguu kuelekea Wundanyi. Hapo ndipo nilipoielewa kazi ya kiongozi. Peke yetu tungeona mashamba na nyumba tu. Yeye alituonyesha jinsi matuta yalivyokatwa kwenye mteremko ili udongo usichukuliwe na mvua, na mifereji myembamba inayopeleka maji shamba hadi shamba. Alitueleza kuwa maji hayo yana zamu, na mtu akiiba zamu ya jirani yake hushtakiwa kwa wazee. Tulipita kwenye kabichi, sukumawiki, karoti, mahindi, migomba na miti ya makadamia. Kila mlango alijua ni wa nani, nani mgonjwa, nani amepata mtoto, na kila penye mtu alisimama kujulia hali. Saa nyingine tulichoka kungoja salamu ziishe, lakini ndizo zilizotufungulia njia. Mwalimu mmoja aliyekuwa na simu aliomba picha nyumba tatu. Mbili walikubali, moja walikataa, akairudisha simu mfukoni na safari ikaendelea.

Tulipokuwa tumekaa juu ya jiwe kupumzika, tulimwuliza kuhusu mapango ya mafuvu, maana tulikuwa tumesoma habari zake. Akatueleza kuwa zamani Wataita, baada ya muda tangu mtu kuzikwa, walikuwa wakiufukua mwili, wakachukua fuvu na kuliweka pangoni pamoja na ya wazee wa ukoo wake. Hapo palikuwa mahali pa heshima pa kuzungumza na waliotangulia. Wengine tukataka kupelekwa. Akatikisa kichwa. "Ya ukoo wa watu siwapeleki bila idhini ya wazee wao. Wale si maonyesho, ni babu za watu." Nilimheshimu zaidi kwa lile alilokataa kutuonyesha kuliko kwa yote aliyotuonyesha.

Tulipokaribia mji, njia ikaanza kujaa. Ilikuwa Jumanne, siku ya soko. Wanawake walishuka na makapu kichwani, vijana na magunia mabegani, na bodaboda zilizolemewa hata gurudumu la mbele likawa jepesi. Kila mara kiongozi aliita, "Mwenye mzigo!", nasi twaruka kando kwenye nyasi. Nilimwona mama mmoja wa umri wa mama yangu, miguu peku, kapu la kabichi kichwani, shingo imenyooka, ashuka mteremko ule wenye utelezi bila kushika kitu. Mimi nilikuwa na mkoba wenye chupa ya maji na mkate, na nilikuwa nimeshateleza mara mbili. Njia moja, wakati mmoja: kwangu ni matembezi, kwake ni kazi. Ada niliyochanga ili niipite njia ile, huenda yeye angeipata kwa kuipita siku nyingi.

Wundanyi ni mji mdogo ulioketi kati ya vilima, lakini siku ya soko wachangamka kweli. Kuna nyanya, pilipili hoho, ndizi, parachichi, maharagwe ya rangi zote, kuku, mitumba na viatu. Tulikula kimanga, chakula cha Kitaita cha kupondwa, cha muhogo na maharagwe. Kizito hicho! Ukila sahani moja waweza kurudi Werugha mbio.

Nikamtafuta yule mama wa kabichi, nikamwamkia, nikamwuliza bei. Kubwa akaniambia shilingi ishirini. Naye akaniuliza, "Kwenu Mombasa yauzwaje?" Nikamwambia sabini. Alinitazama kama niliyemtukana. Akamgeukia jirani yake, wakasemezana Kitaita, kisha akaniuliza kwa Kiswahili taratibu: "Hizo hamsini, ni nani anayezila?"

Wenzangu, nilishikwa na baridi isiyo ya milimani. Lilikuwa swali lile lile la mama yangu. Mmoja yuko mwanzo wa njia, mwingine yuko mwisho, hawajaonana, na kila mmoja aamini kuwa anayemla yuko upande wa pili.

Dereva mmoja wa lori aliyekuwa akipakia pale karibu alisikia, akaja kujitetea. Akahesabu kwa vidole. Kuna anayezikusanya kutoka mashambani. Kuna wabebaji. Kuna ushuru. Kuna mafuta ya lori. Kuna wapakuaji wakifika Kongowea, na ushuru mwingine. Kuna zinazooza. "Na lori likinifia Maungu kwenye jua," akasema, "hasara si ya mkulima wala ya mamako, ni yangu." Nilitoa daftari nikaandika yote. Nikajumlisha na gharama za mama: nauli ya alfajiri, mkokoteni, kibanda, na zile zinazosinyaa jioni zikauzwa kwa bei ya kutupa. Nilikuwa nimekwenda kumtafuta mwizi mmoja, nikakuta foleni ya watu waliochoka.

Sisemi kwamba mambo yalivyo ni haki. Ninaona mkulima apata kidogo mno, na yeye ndiye mwenye shingo iliyobeba. Barabara zikiwa nzuri, na wakulima wakiuza kwa pamoja, na akina mama wa Magongo wakinunua kwa pamoja, huenda vidole vya kuhesabu vikapungua. Niliporudi nilimsomea mama hesabu zangu, nikamshauri yeye na wenzake watano wakodi pikapu. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Na zikioza njiani, mwanangu, utazilipa wewe?" Sikuwa na jibu, na bado natafuta. Lakini hakunicheka. Alifikiri kidogo, kisha akauliza, "Huyo mama wa huko, ana watoto wangapi?" Hilo sikuwa nimeliuliza.

Chama chetu chapanga safari nyingine, na nafasi zipo. Anayesema mtembezi hula miguu yake namkaribisha aje na miguu yake tuone. Fedha za kiongozi wa njia tusizionee uchungu, kwani bila yeye utapita katikati ya watu kama ndege ipitavyo juu ya mabati. Chukua sweta, chukua daftari, jifunze salamu ya wenyeji kabla ya kuondoka. Na ukikutana na mwenye mzigo njiani, iwe ni kilimani Taita au hapa hapa kwenye kivuko cha Magongo, mpishe kwanza, kisha umsalimu.