Sala ya Jioni Katika Ukambani

Msafiri atokaye Kibwezi, huko Makueni, huuvuka mto Athi ndipo afike Kitui, nchi aliyoizuru Dkt. Krapf wa misheni ya CMS mwaka 1849. Huko nako Waanglikana huimba Sala ya Jioni, ambayo tangu kitabu cha mwaka 1549 ina nyimbo mbili: ule wa Mariamu na ule wa Simeoni. Lakini katika Kikamba sauti ikipanda au kushuka, maana ya neno huweza kugeuka. Basi mwalimu wa kwaya asiwe mtumwa wa tuni ya Kizungu. Tuni ikipendeza na neno likipotea, mzee aketiye nyuma atakuwa amesikia sauti tu, wala hakuusikia Wimbo wa Mariamu.