Mioto Inayozimika



Miaka kadhaa iliyopita, nikihubiri juu ya tumaini la ufufuko, nilitamka kwa ujasiri kwamba Wabudha hawatarajii lolote ila kutoweka. Baada ya Misa mama mmoja alinisubiri mlangoni pa sakristia. Mwanawe alikuwa amemwoa binti wa Kithai, Mbudha. “Baba Paroko,” akasema kwa upole, “mkwe wangu hunipigia simu kila Jumapili kuniuliza habari za magoti yangu. Ndiye huyo asiyetarajia lolote?”

Sikuwa na jibu. Nikaanza kusoma.

Neno nililolitegemea siku ile ni nirvana. Kwa Kisanskriti mzizi wake ni va, kuvuma kama upepo. Nir huashiria kutoka. Maana yake ya asili ni kuzimika, kama taa iliyopulizwa. Nami nilidhani kinachozimika ni mtu mwenyewe! Kumbe Wabudha hufundisha kuwa mioto inayozimika ni mitatu: uchu, chuki na upofu wa akili. Nionyesheni Mkristo asiyehitaji kuomba izimwe ndani yake.

Karma nayo, ambayo vijana wetu huitaja kana kwamba ni kisasi cha majaliwa, yatoka katika mzizi kr, kutenda. Ni tendo, na kwa Mbudha uzito wa tendo umo katika nia.

Buddha si jina la mungu, bali ni sifa: aliyeamka, kutoka budh. Na hapa pana kisa kinachonichekesha hadi leo. Bodhisattva, yaani aelekeaye mwamko huo, aliingia kanisani bila kubisha hodi. Hadithi ya mwana wa mfalme aliyeacha enzi ilipita katika Kiarabu, ambako nukta moja chini ya herufi ilisomwa mbili, be ikawa ye. Ikapita Kigeorgia na Kigiriki, hata jina likafika Kilatini kama Josaphat. Kwa karne kadhaa Martirolojia ya Kiroma ilimtaja miongoni mwa watakatifu, 27 Novemba.

Sisemi kwamba imani zetu ni moja. Sisi twamngojea Mungu Muumba atuitaye kwa jina. Ubudha hausemi hivyo. Lakini tangu mwaka 1965, katika tamko Nostra Aetate, Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulitutaka tuyaheshimu yaliyo ya kweli na matakatifu katika dini nyingine, nami nilikuwa nimeyakejeli nisiyoyajua.

Nilikwenda kwa yule mama kumwomba radhi. Alinikaribisha chai, kisha akanionyesha chupa ya dawa ya kuchua magoti, iliyofika kwa posta kutoka kwa mkwewe.